Jiwe la Oighrig

Tarehe ishirini na tisa Agosti, mwaka elfu moja mia tisa na thelathini, watu wa kisiwa cha Hirta, waliokuwa wakihamishwa na serikali kwenda bara, waliacha Biblia iliyofunuliwa na konzi ya shayiri katika kila nyumba, wakafunga milango, wakashuka gatini. Mbwa walikuwa wameshatoswa baharini, mawe shingoni. Kabla ya kupanda meli, wengi walipitia makaburini kuaga wafu wao. Fearchar hakupita. Alikuwa gatini akigombana na karani wa serikali juu ya kitanda chake cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo, kilichovunjwa mguu wakati wa kupakiwa.

Tangu siku hiyo ulimi wake haukupata likizo. Huko bara walimpa kazi ya kupanda miti, yeye aliyekulia katika kisiwa kisicho na mti hata wa kujichokolea meno. Alipanda huku akilaani. Kila afisa aliyekatiza njia yake aliusikia wimbo uleule: mke wangu Oighrig alikufa kwa sababu mashua ya daktari mliichelewesha, kisha mkanitenga na kaburi lake, na hadi leo hana hata jiwe lenye jina.

Maji hutoboa mwamba. Mwaka wa ishirini na tano wa kuhama ulipokaribia, ofisi iliyochoka kumsikia ilimjibu: siku ya kumbukumbu meli itakwenda Hirta, naye atakuwemo, pamoja na jiwe gumu la itale lililochongwa jina la mkewe.

Raonaid, mdogo wake Oighrig, alifuatana naye. Alipakata maua ya bustanini kwake, yamefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji.

“Shemeji, leo umewashinda,” alimwambia melini. “Sasa utalalamikia nini?”

“Kwani mvua imekwisha?”

Kisiwa kilikuwa palepale. Mapaa ya nyumba yalikuwa yameporomoka, na kondoo walitoka milangoni kama wenye nyumba waliosumbuliwa na wageni. Makaburini, ndani ya ukuta wa mviringo, majani yalifika magotini. Katikati yake yalichomoza mawe ya ufukweni, mamia, bila maandishi, yanafanana kama meno ya mdomo mmoja.

Mabaharia wawili waliitua machela yenye jiwe, wakajifuta jasho.

“Wapi, mzee?”

Fearchar alitazama kulia, akatazama kushoto. Alijaribu kuirudisha siku ya maziko. Ilikuwa Februari, kuna theluji. Aliukumbuka upepo, akakumbuka udongo ukidondoka juu ya ubao. Lakini aliusikia kwa nyuma. Kwa maana alikuwa ameligeuzia kaburi mgongo, macho yameganda ghubani, akiisubiri mashua ya daktari itokeze ili ailaani. Uso wa karani aliyevunja kitanda cha mfumi aliweza kuuchora hata gizani. Mahali alipolazwa mkewe hakuwahi kupatazama.

Afisa aliyewaleta, kijana mwenye koti jeusi, alivua kofia.

“Usifanye haraka, mzee wangu,” alisema. “Sisi ndio tuliokukosea.”

Neno hilo Fearchar alikuwa amelingoja robo karne. Alidhani lingekuwa asali. Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na watu wote walikuwa wakimtazama kwa heshima asiyostahili. Akanyoosha kidole.

“Pale.”

Wakachimba, wakasimamisha jiwe, kasisi akaanzisha zaburi. Kijana wa koti jeusi alijifuta macho, na kila alipojifuta, Fearchar aliona kama anavuliwa nguo hadharani.

Wengine walipoanza kushuka gatini, Raonaid alibaki. Maua yalikuwa bado mkononi mwake.

“Shemeji, hapa yupo Murchadh.”

“Murchadh yupi?”

“Jirani yenu. Nilikuwepo akizikwa. Jiwe lake si hili lenye ufa? Mjomba alisema ni bahati mbaya, eti jiwe limepasuka kabla ya mwenyewe kuoza.”

“Yule aliyekuwa akimwita Oighrig kidomodomo?”

“Ndiye. Na dada hakumsalimia mpaka kifo chake.” Kicheko kilimfika midomoni, akakimeza. “Wakati wa msiba wa dada nilikuwa Glasgow, nafulia watu. Waliobeba jeneza wote wamekwisha. Umebaki wewe, nami nikasema moyoni, labda Fearchar anajua jambo nisilolijua.”

Fearchar alitafuta moyoni wa kumlaumu. Akazunguka na kuzunguka, na kwa mara ya kwanza akarudi mikono mitupu. Gatini afisa alikuwa amesimama, kofia bado mkononi, akiwangoja bila kuwahimiza.

Honi ya meli ikalia. Raonaid alifungua kitambaa, akakung'uta maji, akayatazama mawe yote yale.

“Haya, shemeji,” alisema taratibu. “Maua haya niyaweke wapi?”