Vigae Tisini na Viwili

Ijumaa saa tisa na nusu kinyama kutoka titi la mshonaji kililetwa maabara ndani ya kikopo kikavu. Kilitakiwa kitumbukizwe kwenye dawa ya formalini pale pale, kisiharibike. Formalini ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa mkuu wa maabara, na mkuu alishaondoka. Ufunguo ule hamwachii mtu. Fundi wa maabara alimpigia simu mara mbili, akasonya, akaweka kikopo dirishani, akaenda zake.

Jumatatu mkuu alifungua kabati. Kinyama kilikuwa kimesinyaa na kinanuka.

"Mbona hukunipigia?"

"Nilipiga. Hukupokea."

"Tumbukiza. Na ufunge mdomo."

Alhamisi wakapima vipokezi vya homoni. Unakata kipande chembamba, unakibandika kwenye kioo, unakitia dawa. Penye vipokezi panageuka kahawia. Kahawia ikitoka, mgonjwa anapewa vidonge, anamezea nyumbani. Isipotoka, vidonge hapati, ni dripu tu ya dawa kali za saratani. Kwenye hadubini kioo cha mshonaji kilikuwa bluu tupu.

Kahawia ilitokea kwingine. Ilishika vidole vya fundi, vyote kumi, halafu ufunguo, halafu mfuko wa mkuu na paja lake chini ya mfuko. Kufika saa sita ilishapanda ukutani. Fundi alinawa kwa sabuni, kwa spiriti, kwa mchanga. Kisha akafanya alichozoea kwenye hadubini, akahesabu penye kahawia. Ukuta ulikuwa na vigae mia.

"Tisini na viwili," alisema. "Rangi nzito."

"Tunapima kioo," mkuu alisema, anajikuna paja. "Hatupimi ukuta. Andika sifuri."

Akaandika sifuri.

Kesho yake mshonaji alikuja kuchukua majibu. Dripu alishaona ilivyomfanya dada yake: vidole vikafa ganzi, hata sindano haishikiki. Akasoma karatasi, akatazama ukuta.

"Hiyo ya ukutani ya nani?"

"Yako," fundi alisema.

"Basi niandikie hiyo."

"Ya ukutani haiandikwi, mama," mkuu alisema.

"Rudieni kupima."

"Kilichobaki kimeharibika vile vile," fundi alisema. "Kilikaa siku tatu bila dawa. Ufunguo anao yeye."

"Nyamaza wewe, mikono yenyewe kama umechimba choo!"

"Na paja lako je?"

Mshonaji alipiga meza. "Mnanichezea! Dawa unaifungia kama sukari, halafu vidole vyangu ndio vilipe?"

"Usitufundishe kazi."

"Kazi ipi?"

Mkuu akagonga muhuri. Karatasi ikageuka kahawia mikononi mwa mshonaji, yote, isipokuwa ile sifuri. Sifuri ilibaki nyeupe. Alivuka korido nayo mpaka kwa daktari. Daktari akaishika kwa ncha za vidole.

"Angalau inasomeka," alisema, akaandika dripu.

"Mimi nashona, daktari."

"Utapumzika kidogo. Mwingine!"

Jumatatu mkuu alimwita mpaka rangi. Vile vigae vinane vilivyobaki vikapakwa kahawia, ukuta ufanane. Rangi iliyobaki kwenye kopo akaifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni.