Mikono Yote Miwili

Jua la San Pedro lilikuwa utosini, na mpira ulikuwa bado haujarushwa hata mara moja. Wanangu wawili walikuwa timu tofauti za besiboli: Eligio mrushaji, Ovidio mpigaji. Mimi refa.

Ovidio akisimama kupiga kwa kulia, Eligio anahamisha glavu ili arushe kwa mkono wa kulia, maana mpira ukitoka upande ule ule mpigaji hupata tabu. Ovidio akiona hivyo, anahamia kushoto. Eligio naye anahamisha glavu tena. Mara sita!

"Chagua mkono mmoja!" nikamfokea Eligio.

"Mwambie yeye achague upande kwanza, baba."

"Muoga wewe!" Ovidio akacheka, huku akihama tena.

Nikafungua kitabu cha sheria. Hakikusema lolote. Nikakibwaga vumbini.

"Jamani, ni mwehu gani aliyewafundisha hawa kutumia mikono yote miwili?"

Mke wangu Nereida akajibu kutoka jukwaani, mdomo umejaa ndizi za kukaanga, uwanja mzima ukasikia:

"Si ni wewe! Uliwafunga mkono wa kulia kwa kamba mwaka mzima. Nikakwambia, hawa watakuja kukutesa!"