Maneno Mazuri kwa Mumtaz

Urafiki wa Mbuke na Mumtaz ulianza kwa tusi. Mumtaz alikuwa bibi harusi mpya, ameletwa Kagongwa kutoka Shinyanga mjini, amekaa nyuma ya kaunta ya duka la mumewe Jafferali, hajui hata mikono aiweke wapi. Mbuke, mjane aliyeishi kwa kupeta mchele wa watu, akaingia kununua chumvi. Akamtazama juu mpaka chini.

"Huyu ndiye waliyemsifia? Mbona mwembamba hivi? Upepo wa hapa ukikupiga utaokotwa stesheni ya Isaka."

Binti naye akamtazama juu mpaka chini. Kisha akasema, "Na wewe bibi, hayo meno mengine umeyaweka rehani kwa nani?"

Mbuke akakaa chini pale pale sakafuni, akacheka mpaka chumvi ikamwagika. Alipopata pumzi akatangaza, "Ninyi Wahindi hapa hamna watani. Sasa mtu asiye na mtani, akifa nani atawachekesha wafiwa? Basi mimi nimekuchukua. Usinishukuru."

Kwa Wasukuma hilo si jambo la mchezo, ingawa ni mchezo mtupu. Mtani anakutukana ukiwa mzima. Ukiugua anakuja kudai sanda. Ukifa anazuia msiba njiani mpaka apewe chochote, na aliyekuwa analia hujikuta anacheka kidogo, apate nguvu ya kulia tena. Wala hakasirikiwi. Ruhusa hiyo hapewi mtu usiyempenda.

Mumtaz, naye, alikuja na desturi yake ya kwao: siku ya kuzaliwa. Mbuke hakuwahi kusikia kichekesho kama hicho. Yeye alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige wale waliwashughulisha watu kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka hata mwezi.

"Umejuaje kwamba ni leo?" alimuuliza. "Ulikuwepo?"

Hata hivyo kila mwaka, siku hiyo ikifika, Mbuke alisimama barazani, ungo kichwani kama kofia ya mkuu wa wilaya, akamsomea Mumtaz aibu zake zote mbele ya wateja: anavyosonga ugali ukatoka uji, anavyomkimbia jogoo, anavyosema Kisukuma kama mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Mumtaz alimsubiri tangu asubuhi, amevaa gauni jipya. Alikuwa akisema kwamba asipotukanwa, mwaka haujaongezeka.

Ndivyo walivyokwenda, mmoja akizidi kuzeeka, mwingine akizidi kunenepa, mpaka ile miaka ya baada ya vita ya Kagera, sabuni ilipokuwa kitu cha kupangia foleni. Mumtaz akaota uvimbe tumboni. Alipelekwa hospitali Mwanza, madaktari wakamfungua, wakatazama, wakamfunga. Ukweli wakamwambia Jafferali peke yake. Jafferali akamwambia mkewe kwamba uvimbe umetolewa.

Mama yake Jafferali, Bi Khairunisa, akaja kutoka Mwanza kumuuguza mkwe wake. Alikuwa mwanamke wa tasbihi na wa usafi, na Mbuke alikuwa hajamwona hata siku moja. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Mbuke aliposikia mtani wake amerudi, alijitanda kanga mbovu, akaja kwa kilio cha uongo kinachosikika mpaka relini. "Uuuwi! Nimeambiwa umerudi, mbona hujafa? Mimi nimeshawaahidi watu pilau!" Akafika mlangoni, akainua mikono, akaanza kuupima mlango kwa shubiri. "Ngoja nione kama jeneza litapita. Na hilo tumbo lako, itabidi tubomoe ukuta!"

Kutoka chumbani Mumtaz akaangua kicheko, kicheko cha mtu anayejishika mshono. Lakini aliyetoka alikuwa Bi Khairunisa, uso umekauka.

"Toka hapa! Mchawi wee! Umekuja kuangalia kama kazi yako imekwisha?"

Aliyasema hayo mbele ya foleni ya sabuni. Hakuna aliyecheka. Neno hilo, katika nchi ile ambako vikongwe hukatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hangoji kulisikia mara ya pili. Mbuke akashusha mikono, akageuka, akaenda zake.

Toka siku hiyo jirani hakuja tena kuomba moto kwake. Akisalimia "mwangaluka", anajibiwa na migongo. Stanslaus, katekista, mtu mwenye huruma na hotuba ndefu, akamfuata nyumbani.

"Mayu, mama yangu, usikanyage pale tena. Yule mgonjwa akifa na wewe umeingia, watasema ni wewe."

"Na akifa sijaingia?"

"Utakuwa salama."

"Salama ya kufanyia nini, Stanslaus? Ya kupetea mchele?"

Stanslaus akainuka aondoke. Mbuke akamwomba amtazamie kwenye kalenda ya kanisa siku ya Mumtaz iko mbali gani, na ilikuwa karibu. Kisha akasema jambo ambalo Stanslaus alilisimulia baadaye kwa mshangao: "Nifundishe maneno mazuri. Ya heshima, kama unayosema wewe mbele za watu. Nikiwa nayo, labda yule mama ataniacha niingie."

Akamfundisha. Mbuke akayasema huku anapeta, wishwa zikimrukia usoni, mpaka yakamkaa.

Siku ikafika. Jafferali alikuwa amesimama barazani, amekonda kuliko mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ameamka anakuulizia. Nimezungumza na mama, amekubali. Ila usitanie, nakuomba. Mama hataweza."

Mbuke akavua ndala, akaingia. Bi Khairunisa alikuwa ameegemea kizingiti cha chumba, tasbihi mkononi, anamtazama kama mtu anayetazama jiko lisije likawaka. Mumtaz alikuwa kitandani amekalishwa kwa mito. Alikuwa amevaa gauni jipya, nalo lilimkalia kama limetundikwa msumarini. Alipomwona Mbuke macho yake yakawaka.

"Haya, mtani," akasema. "Niko tayari. Leo usinihurumie."

Mbuke akamtazama Bi Khairunisa. Akaunganisha viganja tumboni.

"Mpendwa dada yetu Mumtaz. Leo, katika siku yako hii, tunamshukuru Mungu kwa maisha yako. Umekuwa mke mwema na jirani mwema. Mkono wako umekuwa mkunjufu kwa wakubwa na wadogo. Tunakuombea amani na pumziko."

Bi Khairunisa akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Mumtaz alikuwa bado anatabasamu, anangoja tusi lililofichwa ndani ya maneno hayo. Akangoja. Kisha tabasamu likaanza kumtoka, polepole, mpaka midomo ikabaki peke yake.

"Basi," akasema. "Basi nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Jafferali ananiambia nimepona. Mama ananiambia nile nipate nguvu. Mimi nikasema, acha niwasikilize tu, nitamngoja mtani. Akinitukana, ninapona. Hawezi kumtukana mtu anayekufa halafu macho yake yasiseme." Akavuta pumzi. "Hukuthubutu hata kujaribu."

Mbuke akamsahau Bi Khairunisa, akaisahau foleni, akakifuata kitanda. "Nani kasema unakufa? Ufe uende wapi wewe, na ugali wako ule? Huko mbinguni watakurudisha na basi la kwanza! Malaika wana tumbo la kuumia? Hebu jitazame, gauni limekuvaa badala ya wewe kulivaa, kama... kama..."

Mumtaz akacheka. Alikuwa anampa Mbuke kicheko cha dukani, kile cha kumpa mteja usiyemjua ili asiondoke vibaya. Mbuke alikijua.

"Yale ya kwanza ni ya Stanslaus," Mumtaz akasema. "Pumziko na nini. Si yako. Nipe yako."

"Mimi sina maneno mazuri, mtoto."

"Yatafute. Leo ni siku yangu."

Mbuke akakaa ukingoni mwa kitanda. Alihangaika na pindo la kanga kwa muda.

"Mwaka ule nilipougua macho," akasema, "ulikuja kwangu asubuhi na mapema ukanipetea mchele. Nusu uliwamwagia kuku. Niliwaambia watu wote kwamba uliumwaga. Sikumwambia hata mmoja kwamba ulikuja." Akaliachia pindo. "Ulikuja mpaka nikapona. Nilikuwa nakusikia unavyokohoa kwa vumbi, nakwambia unapeta kama unafukuza nzi. Nami nilikuwa naomba macho yasipone upesi."

Mumtaz akajisogeza kumpa nafasi, Mbuke akaendelea.

"Nilikuwa nimekuchagua, unajua. Wewe ni mdogo. Nilisema, nikifa mimi, huyu atakuja kuusumbua msiba wangu. Atawaaibisha wanangu wote, kwa Kisukuma chake kile kibovu. Nilikuwa nalala vizuri kwa sababu hiyo. Sasa unanitangulia, nami sijui... sijui ni adabu gani hiyo."

Mumtaz akamshika mkono. Wakalia wote wawili, bila sauti, kama watu wanaokula sahani moja.

Bi Khairunisa akaingia ndani. Akalifikia dirisha linalotazama barazani, ambako foleni ilikuwa imesimama na shingo zimenyooka, akashika pazia alivute.

"Wasikuone, bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisema neno baya siku ile. Watalikumbuka."

"Acha pazia," Mbuke akasema. "Anahitaji hewa."

Bi Khairunisa akaliacha. Akaleta kigoda, akakaa upande wa pili.

Mumtaz akasinzia, mkono bado mkononi. Nzi wakaja, Mbuke akawafukuza kwa pindo la kanga. Nje foleni ikawa inasogea, na kila aliyefika usawa wa dirisha alimwona vizuri, nani amekaa na mgonjwa na kwa muda gani. Mbuke naye aliwaona. Akakaa mpaka jua likageuka, duka likafungwa.