Mafunjo Yaliyofungwa

Ripoti ilisomwa katika ukumbi wa kanisa la Kabonde, watu wamejaa mpaka madirishani, na ilipofika sentensi ile, wanawake wote wa kikundi cha ususi waligeuka wakamtazama Nasike. Sentensi yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba korongo taji hupita tu katika kinamasi cha Kabonde kutafuta chakula, na kwamba hakuna kiota hata kimoja kilichoonekana humo. Kwa hiyo, akaendelea kijana wa kampuni ya umeme kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya harusi, mitambo ya umeme wa upepo ingeweza kusimamishwa kati ya mafunjo na mashamba bila madhara makubwa kwa ndege.

Nasike alihisi uso ukimwaka. Yeye ndiye aliyemtembeza mtaalamu wa ndege kinamasini. Alimtembeza asubuhi baada ya asubuhi, akamwazima gambuti za marehemu mumewe, akamwandalia chai na viazi vitamu. Mgeni aliondoka akimsifu kila mahali. Na katika mizunguko yote ile Nasike alikuwa amehakikisha, kwa ustadi mkubwa, kwamba mgeni wake haoni kiota.

Msimharakishie lawama. Wanawake wa Kabonde hukata mafunjo ya kusukia mikeka na vikapu, na wana sharti moja ambalo hawakuliandika popote. Mwanamke akikuta kiota cha owang', kama Wajaluo wanavyomwita korongo huyo mwenye taji la dhahabu, huchukua vichwa vya mafunjo matatu yaliyo karibu, akavifunga pamoja, akarudi alikotoka. Basi. Njia hiyo imefungwa. Hakuna anayekata huko, hakuna anayepita, wala hakuna anayeuliza, mpaka makinda yatoke kwa miguu yao wenyewe. Zaidi ya yote, mgeni hapelekwi. Wanaamini kwamba korongo akishtuliwa na macho mageni juu ya mayai yake huyaacha, na mwanamke aliyempeleka mgeni huyo ni sawa na aliyemfungulia mpita njia mlango wa chumba cha mwanamke anayejifungua.

Nasike hakuzaliwa na sharti hilo. Alizaliwa Kaloleni, mjini Kisumu, binti wa Mbukusu aliyefanya kazi ya reli, na utotoni ndege aliowajua ni kuku wa jirani na kunguru wa jalalani. Alikuja Kabonde kwa ndoa, akafundishwa mafunjo na mama mkwe wake, Aloo. Kama ilivyo kwa watu wengi waliokuja kutoka mbali, aliyashika mambo ya ukweni kuliko wenyeji wenyewe. Daktari Mumbi, yule mtaalamu wa ndege, alipofika na darubini yake, Nasike alimpitisha kando ya kila fundo la mafunjo akiwa na tabasamu usoni, akiamini anawalinda ndege. Hakuna aliyemwambia kwamba atakachokificha kitaandikwa kuwa hakipo.

Pale ukumbini alisimama Bildad, ndugu wa marehemu mumewe, mchuuzi wa samaki.

"Mimi sina ugomvi na ndege," alisema. "Lakini samaki yangu inaoza. Barafu natoa Kisumu, ikifika hapa imekuwa maji ya kuoga. Hawa watu wakileta stima, tutaweka stoo ya baridi, na nyinyi akina mama mtaacha kuuza samaki kwa bei ya kulia. Sasa ripoti imesema kiota hakuna. Si mimi nimesema. Ama kuna mtu hapa amekalia kiota? Asimame tuone!"

Watu waliangua kicheko. Bildad si mtu mbaya, na alichosema juu ya samaki ni kweli tupu. Pua ya kila mtu mle ndani iliijua harufu ya samaki hao. Nasike aliinua makalio kidogo kutoka kwenye benchi, kisha akayarudisha. Hata kutaja tu mbele ya wageni kulikuwa mwiko. Mkutano ukafungwa kwa tangazo kwamba maafisa wa mazingira watafika Ijumaa kusikiliza pingamizi za mwisho, na baada ya hapo kampuni itapewa kibali chake.

Alipofika nyumbani alimpigia simu Mumbi. Mumbi naye ni mtoto wa Kisumu. Wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka la vipuri mjini, na sasa yeye anafundisha chuo kikuu cha Maseno.

"Daktari, ile ripoti yako si kweli," Nasike alisema. "Viota viko."

"Viko? Mama, tulizunguka kinamasi yote na wewe. Mbona hukunionyesha?"

"Ulikuwa mgeni."

Mumbi hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Nasike zaidi.

"Niliandika nilichoona, Mama. Nikibadilisha sasa kwa sababu nimeambiwa kwa simu, wakili wa kampuni atanicheka. Lazima hao maafisa waone kwa macho yao. Wakiona, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya watu niseme nilikosea."

"Na wakiona, ndege itahama."

"Inaweza kuhama. Inaweza kurudi. Siwezi kukudanganya."

"Na mitambo ikijengwa?"

"Hapo pia sitakudanganya. Huyo ndege ni mzito, hawezi kukwepa haraka. Kila asubuhi akitoka na kila jioni akirudi atakuwa anapita katikati ya mapanga ya mitambo. Miaka michache tu, utakuwa unamwonyesha Ivy picha."

Ivy ni binti wa Nasike, anayesoma bweni mjini. Nasike alikata simu akavuka ua kwenda kwa mama mkwe wake.

Aloo alikuwa ameketi juani akichambua dagaa wa omena kwenye ungo. Aliacha kuingia kinamasini tangu magoti yalipomwasi, lakini ulimi wake haukuwahi kuugua hata siku moja. Alimsikiliza Nasike mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Sasa unataka nikuambie nini, nyathina?" aliuliza. Humwita Nasike hivyo, mtoto wangu, hata akiwa amekasirika. "Niseme fungua? Ndio ikiharibika useme ni Aloo alisema?"

"Nataka unisaidie, Mama."

"Sikusaidii. Hiyo ni kwer, mwiko. Sharti mimi nilipewa na mama ya bwana yangu, nikakupa wewe, mtu wa kutoka mbali, na nilikupa na roho safi. Ukifungua, umefungua wewe, na mkono yako mwenyewe. Mimi usinitie."

"Wakijenga, hakutakuwa na ndege ya kufungia mafunjo."

"Ndio maana nimesema usinitie," alisema Aloo, na akarudia omena zake. Nasike alirudi kwake akalia. Alimwonea uchungu Aloo, akaionea uchungu nafsi yake, na alimchukia kwa muda mfupi yule kijana wa kampuni aliyesoma ile sentensi kwa raha.

Ijumaa alipiga moyo konde. Maafisa walikuja wawili, pamoja na Mumbi na kijana wa kampuni, na Bildad akafuata ili, kama alivyosema, akajionee muujiza. Wanawake wa kikundi walibaki ukingoni na miundu yao mikononi. Walijua anakokwenda, na hakuna aliyemzuia wala aliyemuaga. Nasike alitangulia majini mpaka kwenye mafunjo aliyoyafunga mwenyewe mvua zilipoanza, akayafungua. Alitenga mabua kwa mikono miwili, akajibana pembeni ili wengine waone.

Korongo alikuwa ameketi juu ya rundo la nyasi katikati ya maji, shingo ameinyoosha, taji limemsimama. Aliwatazama. Kisha akainuka polepole, yakaonekana mayai mawili ya rangi ya samawati iliyofifia, akaondoka akiburuta bawa moja majini kama aliyevunjika, ili wamfuate yeye. Hakuna aliyemfuata. Walikuwa wakipiga picha.

Bildad alivua kofia. "Kumbe," alisema kwa sauti ya chini.

"Haraka, jamani, tutoke," Mumbi alihimiza. "Tumeona. Tutoke."

Afisa mkubwa, mtu mpole aliyelowa mpaka kiunoni, alimgeukia Nasike. "Mama, asante sana. Umetufanyia kazi kubwa. Lakini kiota kimoja ni kiota kimoja. Kampuni itasema ni bahati mbaya, itasogeza mtambo mmoja kando, basi. Ili mimi niandike kwamba hapa ni mahali pa kuzaliana, nahitaji vingine. Viko?"

Hilo Nasike hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kutoa kimoja, chake, na kubeba mzigo wake peke yake. Mafundo mengine hayakuwa yake kuyafungua. Alirudi ukingoni maji yakimchuruzika, akawaeleza wanawake neno kwa neno, kwa Kijaluo ambacho mpaka leo wanamtania nacho. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Walitazamana. Milka, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, aliuweka mundu wake chini.

"Changu kiko nyuma ya mfereji," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaja jina la mgonjwa. "Waambie wavue viatu vya kelele."

Baada ya Milka wakatoka wengine, mmoja mmoja. Mwingine alikataa kwanza, akatukana kampuni, akamtukana Nasike, kisha akaingia majini akiongoza njia. Jua lilipofika utosini hapakuwa na fundo lililobaki limefungwa katika kinamasi chote. Wiki iliyofuata kampuni ikaleta wataalamu wake ili nao wahakikishe, kwa kuwa hiyo ni haki yao, na wanawake wakafungua tena njia zilezile, wakasimama kando huku kamera zikilia.

Kibali kilikataliwa. Habari zilifika kabla mvua hazijaisha: hakuna mtambo utakaosimama Kabonde, na kinamasi kitahifadhiwa kuwa mazalia ya korongo taji. Kanisani palifanywa shukrani. Palikuwa na ngoma, soda, na wageni kutoka mjini. Mumbi alitimiza ahadi yake, akasimama mbele ya watu wote akasema alikosea na kwamba hajawahi kufurahia kosa kiasi hicho, na watu wakampenda. Bildad alimjia Nasike katikati ya vifijo, akampa mkono.

"Shemeji, umeshinda," alimwambia. "Mimi jana nimetupa samaki tena." Hakusema kwa chuki. Nasike aliushika mkono wake kwa mikono miwili, kwa maana Bildad alikuwa na haki.

Lakini hilo silo lililomkosesha raha. Jambo ambalo wageni hawakulijua, na ambalo wanawake wa Kabonde hawakutaka kulitamka siku ya sherehe, ni kwamba viota vilikuwa vimekufa. Kile cha Nasike kilikuwa cha kwanza. Korongo alizunguka juu yake kwa muda, akashuka, akashtuliwa tena na msafara uliofuata, na mwishowe kenge akayafikia mayai. Cha Milka kilivamiwa na kunguru. Vingine vilibaki na mayai yake mazima, yamepoa. Msimu huo hakuna hata kinda moja lililotoka kwa miguu yake katika mafunjo ya Kabonde. Korongo wakubwa wenyewe walihamia ng'ambo ya mto, na hakuna ajuaye kama watarudi mvua zijazo. Mumbi anaamini watarudi. Nasike humwomba Mungu iwe hivyo, lakini kuamini hajaweza.

Mgeni mmoja wa heshima alipokuwa akisema kwa kipaza sauti kwamba makinda ya Kabonde yatawashukuru akina mama hawa, Nasike alitoka nje ya ukumbi. Alifika nyumbani, akaketi sakafuni na gauni lake la kanisani, akiegemea ukuta. Alijua kwamba kama angerudishwa mpaka ile Ijumaa angefungua tena, na kujua huko hakukumpunguzia chochote.

Mlango ulisukumwa. Aloo hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya omena, wala hakukanyaga sherehe. Sasa aliingia na fimbo yake, akajishusha kwa taabu mpaka chini, akanyoosha miguu kando ya mkwewe kama wanavyoketi wanawake waliokuja matangani.

"Mama, hukutaka nifungue," Nasike alisema.

"Sikutaka. Hata leo sitaki." Aloo alivuta pumzi, akiyasugua magoti yake. "Lakini umefiwa, nyathina. Huko wanapiga ngoma. Nani mwingine atakaa na wewe?"

Vigelegele vilisikika kutoka kanisani. Nasike alilia kwa sauti, na Aloo hakumnyamazisha.