Mama Vibanio Apewa Namba

Karani wa dirisha la pili katika ofisi ya kusajili droni alikuwa akipima chombo cha mpiga picha za harusi wakati mama yake mwenyewe alipoingia kwenye foleni na kapu lake la vibanio. Kazi ya asubuhi ilikuwa ileile: kuweka chombo kwenye mizani, kumsomea mwenyewe masharti, kubandika namba chini ya bawa. Chombo kisipite juu ya mikusanyiko. Kishuke jua likizama. Kisivuke mstari mwekundu uliokizunguka kilima kwenye ramani ya ukutani. Mwendeshaji asikiondoe machoni hata kidogo, na akiulizwa chombo ni cha nani, aseme kweli. Karani alikuwa na masharti hayo kichwani, na watu waliyaitikia huku wakitaka kwenda zao.

Mama yake alingoja zamu kama wengine. Alikuwa dobi wa mtaa wa bondeni, na kwa kuwa vibanio vya nguo havikumtoka mdomoni, mtaa mzima ulimwita Mama Vibanio. Pale ofisini hakuna aliyejua kwamba karani ni mtoto wake. Siku moja karani aliulizwa mzazi wake anashughulika na nini, akajibu kwamba yuko kwenye mambo ya vitambaa, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Nimeanza kuruka," mama alisema alipofika dirishani. "Tangu juzi. Nilikuwa juu ya paa naanika mashuka, kamba ikawa mbali na mkono, nikajikuta nimepanda. Nasikia siku hizi lazima kujiandikisha."

Mpiga picha, aliyekuwa akifunga begi lake, alisema afadhali mama huyo asiyehitaji betri. Aliyekuwa nyuma aliomba foleni isogee. Karani akamwita mkuu wa kitengo.

Mkuu alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema droni ni chombo chochote kinachoruka bila rubani ndani yake. Akamuuliza mama, kwa adabu zote, kama ndani yake kuna rubani.

"Ndani yangu nipo mimi tu, baba," mama akasema, "na urubani sijasomea."

Basi akapewa namba. Aliikataa ile ya kubandika, akieleza kwamba hakuna gundi inayostahimili sabuni, akaahidi kuidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu kifuani pa aproni. Kilichobaki ni mwendeshaji: mtu mzima aliyefaulu mtihani, wa kusimama chini na kubeba lawama chombo kikikosea. Mkuu akauliza kama mama ana mtu wa namna hiyo. Mama akachezea vibanio vyake. Hakumtupia karani jicho hata mara moja, na huko kuhurumiwa ndiko kulikomchoma karani.

"Nitamwendesha mimi," karani akasema.

Mkuu akamsifu mbele ya wenzake kwa moyo wa kujitolea kwa wananchi. Karani akapiga muhuri.

Jioni mama alimweleza bintiye shida yenyewe. Tangu nyumba za ukuta mrefu zijengwe kilimani, bomba la uani kwake lilikuwa likikohoa hewa tu. Ofisi ya maji ilisema bomba limezeeka. Dobi asiye na maji hana kazi, na wateja walishaanza kumkimbia. Kiangazi kikishika, atafunga. "Nataka nikaone kwa macho yangu maji yangu yanaishia wapi," alisema. "Lakini kwanza nianike, mashuka ya watu yasilale mabichi."

Kwa hiyo kila Jumamosi karani alisimama barabarani, kichwa amekiinua, akimwangalia mama yake akifanya kazi. Sharti lilimkataza kuangaza pembeni. Aliona shuka likikung'utwa hewani hadi likalia, ncha ikabanwa, mama akaelea hadi ncha ya pili na vibanio viwili mdomoni. Aliona vidole vilivyoliwa na sabuni vikinyoosha kola ya shati la mtu kwa upole, kana kwamba mwenyewe yumo ndani. Mikono hiyo ilimlipia ada zote za shule, naye hajawahi kuitazama ikimaliza hata kapu moja la nguo. Shingo ilimuuma. Chini ya maumivu hayo fahari ilimpanda taratibu, akaiacha ipande.

Jumamosi moja mama alimaliza kuanika mapema, akaelekea kilimani. Mstari mwekundu ulipita kwenye nguzo ya mwisho ya umeme. Juu ya nguzo hiyo akasimama hewani, akageuka, akamwangalia bintiye. Wote wawili walijua ni nani atakayepoteza dirisha lake. Walikuwa wamekubaliana kwamba mkono ukiinuliwa, arudi.

Karani akatia mikono yote miwili mifukoni. Mama akavuka.

Mlinzi wa geti la kilimani alishuka haraka. "Dada, kile chombo ni chako?"

"Yule ni mama yangu mzazi," karani akasema bila kuondoa macho juu. "Ni dobi. Mashuka wanayolalia mabosi zako ameyafua yeye, na mimi kanisomesha kwa kufua."

Mlinzi akainua uso, akatazama kwa muda. Alisema mama anaruka vizuri. Mama wa kwake hata ngazi inamshinda. Kisha akaandika taarifa, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Mama alitua na vumbi kidogo kwenye viatu. Bomba la bondeni halikuzeeka, alisema. Lilikuwa zima, jeusi, linang'aa. Kule juu, kwenye tangi, koki yake ilikuwa imefungwa kwa minyororo. Ya kilimani ilikuwa wazi, na majani ya bustani yalimwagiliwa saa sita mchana jua likiwaka.

"Na kufuli?" karani akauliza.

"Jipya. Limepakwa mafuta lisipate kutu."

Jumatatu karani alimpa mkuu habari hiyo yote. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akasema maji si ya kitengo chake. Akachukua kalamu, akaenda kwenye ramani, akaushusha mstari mwekundu kutoka kwenye nguzo ya umeme hadi ukingoni mwa paa la Mama Vibanio. Ofisi ya maji ilirudia kwamba bomba limezeeka. Karani akahamishiwa stoo ya betri mbovu.

Kufuli liko palepale. Kanuni inamruhusu mama kupanda wima tu, juu ya kamba zake, naye hupanda wima, hadi mahali ambapo kilima kizima kinamwona. Hukaa hapo akiwaangalia, aproni imenyooshwa kwa pasi, namba nyekundu kifuani. Jua likizama hushuka, kama sharti linavyotaka, kisha yeye na bintiye hubeba ndoo kwenda kuchota mtaa wa pili.

Wapita njia wakimwona juu huuliza ni cha nani kile. Karani huwajibu, kifua mbele. Wasiouliza pia huwasimamisha akawaambia.