Mwanamke wa Kwenye Bango

Habari za bango lile Mama Morenike aliletewa na mdomo wa Alhaja Simbiat, na mdomo huo haukuwa na breki.

"Mwenzetu umekuwa mtu mkubwa!" Alhaja alianza kupaza sauti kabla hata hajavuka barabara, kilemba kinayumba kichwani. "Umebandikwa pale mzungukoni, mrefu kuliko nguzo ya umeme, meno yote nje! Na sisi rafiki zako hukutuambia, eh? Umekula peke yako!"

Mama Morenike alikuwa akigeuza bajia za kunde kwenye karai. Alicheka, maana Alhaja hakuwahi kufika pale bila kituko. Lakini Sunkanmi, fundi pikipiki wa jirani, hakucheka. Aliweka bakuli lake la uji chini taratibu.

"Ni kweli, mama. Mimi nimeliona jana. Nikasema siulizi, mtu mzima ana mambo yake."

Mama Morenike akamkabidhi Alhaja mwiko, akaenda mzungukoni hivyo hivyo, mikono imejaa kunde zilizosagwa.

Alijiona. Alikuwa na mashavu ya miaka minne nyuma, anacheka kwenye ngazi za zahanati ya Odo-Ije, mkono wake umelala juu ya tumbo la binti yake Morenike, naye Morenike anacheka vilevile. Juu yao ulining'inia uso wa gavana, kofia imelazwa upande mmoja. Chini kuliandikwa kwa herufi nene: AMETURUDISHIA TABASAMU. CHAGUA NGOMA.

Picha ile ilipigwa siku gavana alipokuja kukata utepe. Walikuwa na furaha ya kweli siku ile, hilo hakuweza kulikana. Rangi ilikuwa mbichi ukutani, vitanda vilikuwa bado na nailoni, na Morenike alikuwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulipomshika, mpiga picha ameshaondoka zamani, walikuta zahanati imefungwa kwa kufuli. Nesi alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine. Sunkanmi ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki kuelekea hospitali ya mjini. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya shamba la mihogo, wala hakulia. Baada ya hapo Morenike alihamia Ibadan, akawa haji nyumbani ila kwa msiba.

Mama Morenike alisimama chini ya bango mpaka dereva mmoja akampigia honi. Alitamani kulirarua, lakini lilikuwa juu mno, na hata hivyo askari walikuwa wamekaa kivulini mwake, bunduki mapajani. Mwaka ule hakukuwa na uchaguzi mwingine wowote nchini isipokuwa huo wa gavana wao, basi nchi nzima ilikuwa imehamia kwao: askari, waandishi wa habari kutoka Lagos, waangalizi wenye vizibao. Askari walikuja kulinda kura, na sasa walikuwa wanalinda meno yake.

Aliporudi, benchi la wateja wake lilikuwa limewaka moto kwa mabishano.

"Zahanati imejengwa, haikujengwa?" Alhaja alikuwa akiuliza, mwiko juu kama rungu. Alikuwa Ngoma damu, chama cha gavana. Duka lake zima la vitambaa lilikuwa na rangi za Ngoma. "Kabla ya huyu gavana pale palikuwa na nini? Palikuwa na mbuzi!"

"Na sasa pana nini?" Sunkanmi akamjibu. Yeye alikuwa mtu wa Ufunguo, chama cha wapinzani. "Pana mbuzi wenye paa. Wanazaa vizuri kweli, nakupongeza."

"Mdomo wako, Sunkanmi! Ufunguo wenu huo unafungua nini? Mmeshika ufunguo, mlango hamna!"

"Na ngoma yenu ndani tupu, ndiyo maana inalia."

Watu wakaangua kicheko. Mama Morenike alimnyang'anya Alhaja mwiko. "Mnacheka," alisema. "Mmekaa hapa mnakula bajia zangu na kucheka. Nani kati yenu hakuja kunipa pole siku ile?"

Alhaja aliinamisha macho, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemwosha yule mtoto kabla ya kuzikwa.

"Lakini ulikubali kupigwa picha, dada," akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikubali kupigwa picha ya kufurahi. Sikukubali kuwa ushahidi wa uongo."

Mchana ule simu ikaita. Ilikuwa Morenike, na hakusalimia, yeye ambaye hata kwenye simu alizoea kupiga magoti akimwamkia mama yake.

"Mama, umewauzia picha yetu?"

"Morenike..."

"Mwenzangu kazini kanitumia. Kaandika hongera. Hongera, mama! Ananiuliza mtoto sasa ana umri gani."

"Sikuulizwa, mwanangu. Naapa kwa kaburi la baba yako, hakuna aliyeniuliza."

Morenike akasema, "Kadi yangu ya kura iko huko bado. Nitakuja."

Habari ya bango ilipoenea, Ufunguo nao wakanusa. Alifika Wakili Bamitale, kijana nadhifu, viatu vinang'aa kuliko karai la bajia, akalala kifudifudi kumwamkia kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Mama yetu, tumeguswa. Mgombea wetu, Daktari Olujare, mwenyewe amelia. Jumamosi tuna mkutano mkubwa. Utapanda jukwaani, utasimulia yaliyokupata. Ukilia usijizuie, mama. Watu wa televisheni watakuwepo."

Mama Morenike alimtazama toka utosini hadi kwenye vile viatu.

"Yule kanichekesha bila kuniuliza, na wewe umekuja kuniliza?"

"Mama, sisi tuko upande wako."

"Upande gani? Nenda mzungukoni ukaangalie bango vizuri. Pembeni kabisa, kushoto kwa binti yangu, kuna kiwiko. Kiwiko cha nani kile? Si cha huyo Daktari wako? Si ndiye aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo siku ile, kabla hajagombana na bwana wake akahama chama? Wamemkata kichwa, kiwiko wamekisahau. Mwambie akimaliza kulia aje anieleze alimpeleka wapi nesi wetu."

Sunkanmi, aliyekuwa akisikiliza huku ameshika spana, alisogea taratibu akarudi kibandani kwake. Hakuwa amekiona kile kiwiko. Alikaa siku mbili bila kumtania Alhaja.

Siku ya kupiga kura Morenike alikuwa amekwisha fika. Alipita chini ya bango bila kuinua uso, akasimama kwenye foleni nyuma ya mama yake, na watu waliowajua wakawa wanazungumza juu ya mambo mengine. Kura zilikwenda vizuri mpaka jua lilipofika utosini. Hapo likaja gari lisilo na namba, vijana wakaruka na mapanga, wakabeba masanduku wakaondoka nayo. Wale askari wote walikuwa mzungukoni. Ngoma wakasema ni vijana wa Ufunguo, Ufunguo wakasema ni vijana wa Ngoma, na tume ikafuta kura za kata nzima ya Odo-Ije.

Kesho yake matokeo yakasomwa redioni. Gavana alikuwa mbele ya Daktari Olujare, lakini kidogo sana, na tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko idadi ya wapiga kura wa Odo-Ije. Kwa hiyo mshindi hakutangazwa. Uchaguzi ungerudiwa pale tu, na kata ile ndiyo ingeamua nani atatawala jimbo.

Odo-Ije ikalewa. Magari meusi yakajaa hadi yakakosa pa kugeukia. Waliokuwa hawajulikani hata majina wakawa wanaamkiwa na wakubwa.

"Sasa tumewashika," Alhaja alisema asubuhi ile kwenye benchi, macho yanang'aa. "Kila mtu aombe anachotaka!"

"Ndiyo," Morenike akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo pale. "Na kila mtu ataomba chake, atapewa kitambaa na mfuko wa mchele, na wiki ijayo watatusahau. Mimi nilizaa barabarani, Alhaja. Mchele hauwezi kunitosha."

Mama Morenike akaweka mwiko chini. "Hatuombi chochote," alisema. "Hakuna gari la kampeni litakaloingia Odo-Ije, la Ngoma wala la Ufunguo, mpaka zahanati iwe na mkunga na umeme. Na bango lile lishuke. Wanawake tutakaa barabarani. Nataka nione ni mwanaume gani atapitisha gari juu ya mama yake mbele ya televisheni."

"Na mimi Ngoma nikae pia?" Alhaja akauliza.

"Ulipomwosha mjukuu wangu ulikuwa chama gani?"

Alhaja akaenda kuchukua mkeka wake.

Walikaa. Wauza pilipili walikaa, wasusi walikaa, wake wa wanachama wa pande zote mbili walikaa na vigoda vyao, huku waume zao wakiwaita pembeni kwa minong'ono na kurudi mikono mitupu. Waandishi wa Lagos, waliokuwa wamechoka kupiga picha watu wanaogawa kofia, walikimbilia pale. Jioni ile ile gavana akaja mwenyewe, kwa miguu, maana gari halikupita.

"Mama yangu!" alimwita Mama Morenike, mikono amefungua, uso kwa kamera. "Mama wa tabasamu!"

"Nikuulize, mheshimiwa," alisema bila kusimama. "Zahanati yako ina mkunga anayeitwa nani?"

Gavana akageuka kwa mshauri wake. Mshauri akageuka kwa mwenziwe.

"Usiwatazame hao, nitazame mimi. Umeweka uso wangu barabarani useme nina furaha. Huyu hapa ndiye mwenye tumbo lile." Akamshika Morenike mkono. "Muulize mtoto yuko wapi. Muulize! Mbona humuulizi? Nchi nzima inakutazama."

Gavana hakuuliza. Alitazama chini, na kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu yeyote aliyekuja msibani bila kujua aliyekufa. Kisha mshauri akamnong'oneza, naye akainua uso akatangaza kwa sauti ya jukwaani kwamba mkunga angekuwepo kabla ya kura.

Na kweli alikuwepo. Alikuja mwanamke mnene mpole aitwaye Bosede, na jenereta jipya juu ya lori, na bango likashushwa usiku watu wakiwa wamelala, bila neno la samahani. Daktari Olujare naye, asipitwe, akatuma vitanda. Zahanati ilipendeza.

Kata ikapiga kura. Sunkanmi aliwapigia Ufunguo, akisema kiwiko si mtu kamili. Alhaja aliwapigia Ngoma, kifua mbele. Morenike alipiga akarudi Ibadan bila kusema amempa nani, lakini safari hii aliacha nguo zake chache kabatini. Mama Morenike alimpa mwalimu mmoja wa chama kidogo ambaye hata kofia za kugawa hakuwa nazo, na hakujuta. Gavana akashinda. Alhaja alicheza barabarani mpaka kilemba kikaanguka.

Hata vumbi la ile ngoma halijatulia, lori likarudi.

"Tumekuja kuchukua jenereta," dereva akamwambia Bosede mlangoni. "Ni mali ya kampeni. Kampeni imekwisha."

Alhaja Simbiat ndiye aliyefika wa kwanza, bado amevaa rangi za ushindi. Alimsikiliza dereva mpaka mwisho.

"Rudia," alisema.

"Ni mali ya kampeni, mama."

"Mimi nimekichagua hiki chama tangu kabla hujaota meno! Nimegombana na majirani! Nimegombana na huyu dada yangu! Nimekaa hapa nikamwambia mtu aliyefiwa kwamba zahanati imejengwa!" Sauti yake ilikuwa imepanda hadi wauza pilipili wakaacha vibanda vyao. "Na kura yangu haijapoa, unakuja kunifanya mjinga mchana kweupe?"

Akakunja vazi lake la sherehe, akakaa chini mbele ya gurudumu. Mama Morenike akaja akakaa kando yake, bila kumwambia neno lolote la kumsuta, na wengine wakafuata. Dereva akampigia simu bosi wake, bosi akampigia mkubwa wake, na mkubwa, nadhani, akakumbuka kwamba waandishi wa Lagos walikuwa hawajaondoka hotelini. Lori likarudi nyuma polepole, likaenda tupu.

Wanawake wakasimama wakijipangusa vumbi. Alhaja alibaki chini.

"Niinueni basi," akasema. "Mbona mnanitazama? Magoti haya hayana chama."

Wakamwinua. Sunkanmi akaleta mnyororo mnene wa gereji yake, akalifunga jenereta kwenye nondo za dirisha la zahanati, akajaribu kufuli mara kadhaa. Funguo moja akampa Bosede, na nyingine akampa Mama Morenike, ambaye aliifunga kwenye pindo la vazi lake, uso bado umekunjwa, akaenda kuwasha moto wa bajia.