Nchi Mbili na Shikamoo Moja

Usiku wa jana niliota nimeitwa kusuluhisha nchi mbili zinazogombania ziwa. Sikushangaa. Mwaka mzima nasomea utatuzi wa migogoro ya kimataifa kwa njia ya amani, na mtihani ni leo. Nikavaa viatu nikaenda.

Nchi zenyewe ni wanawake wawili wanene, Kaskazini na Kusini. Kila mmoja ameukunja mpaka wake kama mkeka na kuubana kwapani. Wamekuja na ndoo. Wasipoelewana, kila mmoja atachota nusu yake aende nayo kwake.

"Wakinichota, mimi nitakaa wapi?" Ziwa linaniuliza kwa sauti ya bibi kizee aliyekatizwa usingizi. Nalionea huruma.

Kitabu changu cha kozi, kilichokuja kwa miguu yake, kinakohoa. "Msuluhishi hukaa katikati."

Katikati ni majini. Nawekewa kiti huko, nakaa.

"Na haegemei upande wowote."

Kiti kinang'olewa egemeo. Mgongo unaniuma, lakini sheria ni sheria.

"Haya, mama zangu, zungumzeni."

"Aniamkie kwanza," anasema Kaskazini. "Mimi mkubwa kwake."

"Mkubwa wapi! Tumepata uhuru siku moja," anajibu Kusini. "Nimpe shikamoo mwenzangu? Nitachekwa."

Nakitazama kitabu.

"Hilo kwangu halimo," kinasema, kinaondoka zake.

Sasa tuko sebuleni kwetu Morogoro. Ziwa limeketi kwenye kochi la mama, wala halimwagiki. Wale wawili wanakunja mikono ya magauni. Ndoo ya kwanza inazama, Ziwa linapiga yowe, na mimi hasira zinanipanda.

"Hivi nyie! Mmeingia nyumba ya watu, mmemkuta bibi kizee amekaa, hata salamu hamna? Kati yenu na yeye, mkubwa nani?"

Wanatazamana. Aibu inawashika. Ndoo zinawekwa chini.

"Shikamoo, bibi," wanasema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Kaeni basi, mmoja huku, mmoja huku."

Wanakaa. Kaskazini anauliza habari za samaki. Kusini anamsogezea mwenzake mto wa kochi.

Nikaamka. Kokubanza, ninayeishi naye chumba kimoja bwenini, alikuwa ameketi kitandani kwake, anautazama mlango.

"Yule bibi yako mbona kaondoka mapema hivyo?"

"Bibi gani?"

"Si huyo aliyetoka sasa hivi. Nimemwamkia, kaitika vizuri tu. Kasema usiwe na wasiwasi, wale wawili kawaacha wanakunywa chai."